SOMO LA MWEZI: FAIDA YA KUJITOLEA PAMOJA NA WATU WA NYUMBANI MWAKO

Maandiko ya kusoma nyumbani: Nehemia 3:1-12 na 3:28-30, Matendo 18:1-3 na 18:24-26, 1 Wakorintho 16:15-19, Isaya 58:6-12, Mathayo 6:1-4.

Lengo la somo: Kila familia ielewe kwamba inaweza kutumika kwa ajili ya wengine hata ikiwa yenyewe ina shida, na ijue baraka zinazoirudia.

UTANGULIZI



Katika vikundi vya maombi vya nyumbani kuna swali ambalo limeulizwa mara nyingi, na hasa tangu Julai 2023, wakati msaada wa chakula katika makazi ya wakimbizi ya Uganda ulipoanza kutolewa kwa makundi matatu na kundi la tatu likaachwa lijitegemee. Mwaka 2025 watu wengi zaidi wakaondolewa katika orodha. Swali lenyewe ni hili: "Mchungaji, sisi wenyewe tunangoja kusaidiwa. Tutamsaidia nani, na kwa kitu gani?"

Swali hili si la uvivu wala la ukosefu wa imani. Mtu aliyelala njaa ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo somo hili halikuja kumlaumu mtu. Limekuja kutafuta katika Neno la Mungu, na katika maisha yetu hapa Nakivale, kama kweli maskini anaweza kujitolea, na kama akijitolea pamoja na mke, mume na watoto wake anapata nini. Tutaona kwamba anapata mengi. Mengine ni ya mbinguni, lakini mengine tunayapata hapa hapa, kwenye vumbi hili.

1. KUJITOLEA NI NINI?

Wazee wetu waliotoka Kongo wanakumbuka salongo ya wakati wa Zaire. Siku ya salongo watu walitolewa nyumbani kwenda kufyeka barabara na kusafisha soko, na asiyekwenda aliogopa adhabu. Ndugu zetu wa Rwanda wanajua umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ndugu wa Burundi wana kazi zao za pamoja za Jumamosi, na wenyeji wetu wa Uganda wana neno lao, bulungi bwansi. Kazi hizi zimejenga barabara na shule, na hatuzidharau. Lakini pale ambapo mtu anakwenda kwa sababu jina lake litasomwa, hajajitolea bado. Ametii amri tu.

Tena katika makazi yetu neno "volontea" limepata maana nyingine. Mtu anayefanya kazi na shirika na kupewa malipo madogo ya mwezi tunamwita volontea. Kazi yake ni njema, na malipo yale ni halali yake, maana mtenda kazi anastahili ujira wake (Luka 10:7). Lakini tusichanganye mambo. Kuna hatari ya kufikiri kwamba hakuna kazi ya kusaidia isipokuwa ile yenye fulana ya shirika na karatasi ya kutia sahihi. Ikiwa tutafikiri hivyo, siku mradi unapofungwa, upendo nao utafungwa.

Kujitolea tunakosema katika somo hili ni kutoa muda, nguvu, ujuzi au kitu kidogo ulicho nacho, kwa hiari, kwa ajili ya mtu asiyeweza kukurudishia. Bwana Yesu alifundisha jambo hili katika Luka 14:12-14, aliposema kwamba ukifanya karamu uwaalike maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa kuwa hao hawana cha kukulipa. Na tunaposema "pamoja na watu wa nyumbani" tuna maana ya baba, mama, watoto, na wale yatima na ndugu tunaokaa nao. Maana wengi wetu hapa nyumba zetu zimeunganishwa na vita; tuna watoto wa kaka na wa dada, na hata watoto tuliowaokota njiani. Hao wote ni familia.

2. FAMILIA TATU KATIKA BIBLIA

a) Shalumu na binti zake (Nehemia 3:12)

Nehemia sura ya 3 ni orodha ndefu ya majina, na wasomaji wengi huiruka. Tusiiruke, kwa sababu ni orodha ya watu waliorudi kutoka uhamishoni na kukuta mji wao umebomolewa. Wanaujenga ukuta wakiwa hawana kitu, na adui wanawacheka. Tazama ni akina nani wanaojenga: makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, wafanya biashara. Karibu wote hawakuwa waashi. Kisha katika mstari wa 12 tunamkuta Shalumu, aliyekuwa mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu. Alijenga yeye pamoja na binti zake.

Zamani zile ni nani aliyewaandika wasichana katika kazi ya ukuta? Lakini Roho Mtakatifu alitaka waandikwe. Baba mwenye cheo hakutuma watumishi peke yao, na hakuwaambia binti zake wabaki jikoni. Walishika mawe pamoja naye. Linganisha na mstari wa 5, unaosema kwamba wakuu wa Watekoa hawakutaka kutia shingo zao katika kazi hiyo. Hao nao wameandikwa, ila kwa aibu.

Jambo lingine: katika mstari wa 28 hadi 30 tunasoma mara kwa mara kwamba mtu alijenga mahali palipoelekea nyumba yake. Kazi ilianza karibu na mlango. Ndiyo maana ukuta mzima ulikwisha kwa siku 52 (Nehemia 6:15).

b) Akila na Prisila (Matendo 18)

Hawa walikuwa wakimbizi kama sisi. Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi wote waondoke Rumi, nao wakafika Korintho bila nyumba yao na bila wateja wao wa zamani. Walikuwa na ufundi wa kushona mahema tu. Sasa angalia walifanya nini na maisha hayo ya kufukuzwa. Walimpokea Paulo akakaa kwao na kufanya kazi pamoja nao. Walikwenda naye Efeso. Huko walimchukua Apolo na kumfundisha njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kanisa likakutana nyumbani mwao (1 Wakorintho 16:19).

Akila na Prisila wanatajwa mara sita katika Agano Jipya, na mara zote sita wanatajwa pamoja. Hakuna mahali panapomtaja mume bila mke, wala mke bila mume. Kufukuzwa Rumi hakukuwatenganisha, na utumishi wao ulikuwa wa wawili.

c) Nyumba ya Stefana (1 Wakorintho 16:15)

Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba watu wa nyumba ya Stefana walijitia wenyewe katika kazi ya kuwahudumia watakatifu. Hakuna mtu aliyewachagua katika kikao, wala hatusomi cheo chao. Waliona hitaji, wakaingia. Na Paulo anasema nyumba, maana yake si Stefana peke yake.

3. FAIDA ZINAZOIRUDIA FAMILIA

Mtu anaweza kuuliza: je, ni halali Mkristo kusema habari za faida? Si Yesu alikataza kutafuta sifa? Ndiyo, katika Mathayo 6 alikataza kupiga tarumbeta. Lakini katika sura ile ile alisema kwamba Baba aonaye sirini atakujazi. Na Paulo, akiwaaga wazee wa Efeso, aliwakumbusha neno la Bwana kwamba mwenye kutoa ana heri kuliko mwenye kupokea (Matendo 20:35). Basi heri hiyo ipo. Haya ndiyo tuliyoyaona kwetu.

Ya kwanza: Mzigo wa mawazo unapungua. Wengi wetu tuna mawazo mengi. Mtu anakaa mlangoni tangu asubuhi, macho yako barabarani, moyo uko Fizi, Masisi au Bujumbura. Anahesabu waliokufa, kisha anahesabu tena. Isaya 58:10-11 inatoa ahadi ya ajabu: ukimfungulia mwenye njaa nafsi yako, nuru yako itachomoza gizani, nawe utakuwa kama bustani iliyotiwa maji. Ahadi hii walipewa watu waliojua uharibifu, maana mstari wa 12 unataja mahali palipobomolewa. Mtu anayeondoka kwenda kukandika nyumba ya jirani, kwa saa tatu zile mikono yake ina kazi na akili yake ina jambo la mbele. Akirudi amechoka, analala. Hatusemi kwamba jambo hili linaponya kila jeraha. Kama unaona ndoto mbaya kila usiku, au hutaki tena kuishi, nenda kituo cha afya useme, na umwambie mchungaji au mzee wa kanisa. Lakini wengi wameshuhudia kwamba siku wanayomtumikia mwingine ni siku nyepesi.

Ya pili: Baba na mama wanaheshimiana tena. Tuseme kweli. Baba aliyekuwa na ng'ombe, shamba la mihogo au duka, hapa anajiona si kitu. Mara nyingine kadi ya familia iko kwa jina la mama. Uchungu huo unageuka kuwa pombe au fimbo ndani ya nyumba. Lakini baba huyo huyo anajua kuchimba mashimo ya nguzo, kufunga fito na kuezeka. Anapojenga kibanda cha mjane, mke wake akichota maji ya udongo na watoto wakikanyaga tope, watoto wanamwona baba yao akiwa fundi. Mke anamwona mtu aliyemwoa. Hakuna semina inayoweza kufanya hivyo kwa asubuhi moja.

Ya tatu: Watoto wanajifunza kutoa. Kuna watoto waliozaliwa hapa ambao wamewaona wazazi wao katika mstari tu: mstari wa chakula, mstari wa maji, mstari wa kuhesabiwa. Wanaweza kukua wakifikiri kwamba binadamu ni mtu anayenyosha mkono. Kumbukumbu la Torati 6:6-7 linaagiza tuwafundishe watoto tukiketi nyumbani na tukitembea njiani. Mtoto anayetembea na mama yake kupeleka bakuli la sombe kwa mgonjwa amepata fundisho la njiani. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, si utajiri. Mtoto hawezi kuuelewa msemo huu kwa kuusikia. Anauelewa akiona unga kidogo ukigawanywa mara mbili.

Ya nne: Familia inapata ndugu wapya. Katika kijiji kimoja yuko mama mzee asiyeona, aliyefika bila mtoto. Familia moja ya watu sita iliamua kwamba maji yake ni kazi yao, Jumatano na Jumamosi. Baba alitengeneza paa. Wasichana wawili walichota maji na kufagia. Baada ya miezi kadhaa yule mama alianza kuwasimulia hadithi za zamani za upande wa Ziwa Tanganyika, akawafundisha kusuka mkeka, akawafundisha na maneno ya lugha yao ambayo walikuwa wanayasahau. Watoto wale hawakuwahi kumwona koko yao aliyebaki nyuma katika vita. Sasa wanaye wa kumwita koko. Walipeleka jerikeni mbili za maji, wakarudi na koko.

Hapa tuseme pia habari za makabila. Tulikuja na majeraha, na tunajua nani alimfanyia nani nini. Katika Nakivale, ambayo imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, tunaishi Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na ndani ya Wakongo peke yetu tuna makabila mengi. Ni vigumu kumhubiria mtu asamehe. Ni rahisi kidogo kumwomba amshike jirani huyo mkono anapopanda kwenye paa. Yesu alipotaka kuonyesha jirani ni nani, alimtumia Msamaria aliyefunga majeraha (Luka 10:33-34). Mafuta na divai vilifika kabla ya maelezo.

Ya tano: Vijana wanapata uzoefu. Uganda imekuwa na wahudumu wa afya wa vijiji tangu mwaka 2001, watu wa kawaida waliochaguliwa na majirani zao kwa sababu walionekana kuwa waaminifu. Kijana aliyezoea kumpeleka mgonjwa kituoni, kutunza daftari la kikundi au kuwasomesha watoto kusoma, majirani wanamjua. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, lakini anayetafuta mfanyakazi atauliza: umefanya nini? Kijana huyo ana jibu, na wako watu wa kumshuhudia. Hata hivyo, wazazi, msiifanye hii iwe sababu ya kwanza. Anayejitolea kwa ajili ya barua ya ushuhuda, akiikosa atamchukia yule aliyemsaidia.

Ya sita: Mungu hasahau. Waebrania 6:10 inatuhakikishia kwamba Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yetu na upendo tuliouonyesha kwa kuwahudumia watakatifu. Katika maisha ya mkimbizi majina yanapotea. Faili linapotea, namba inakosewa, orodha inabadilishwa. Lakini binti za Shalumu, ambao hata majina yao hatuyajui, kazi yao imesomwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Orodha ya Mungu haipotezi mtu.

4. MAONYO KWA WAZAZI

Kazi njema ikifanywa vibaya inaumiza. Tuzingatie haya:

(i) Nyumba yako isiachwe na njaa ili uonekane mwema nje. 1 Timotheo 5:8 inasema kwa ukali juu ya mtu asiyewatunza wa kwake. Toa kilichopo, usikope ili utoe.

(ii) Watoto wasikose shule. Kazi ifanywe Jumamosi au jioni. Na tusiwabebeshe wasichana kazi yote huku wavulana wakicheza mpira. Kaka naye anaweza kufagia na kuchota maji.

(iii) Mzigo ulingane na mtoto. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Huo si mzigo wa mtoto wa miaka tisa. Mpe ya lita 5, na aende mara mbili.

(iv) Usimtume mtoto, hasa msichana, peke yake katika nyumba ya mtu, hata kama mtu huyo ni mzee wa kanisa. Waende wawili au watatu, mchana, na mzazi ajue. Hili si la kumshuku mtu. Ni ulinzi wa mtoto, na pia ulinzi wa jina la yule anayesaidiwa.

(v) Siri ya nyumba ibaki katika nyumba. Ukiona mgonjwa anatumia dawa fulani, au hana godoro, usiyapeleke kwenye bomba la maji. Na usimpige picha kwa simu ili kuonyesha kwamba umemsaidia. Huko ndiko kupiga tarumbeta kwa siku hizi.

(vi) Uliza kwanza. Mama mzee anaweza kuwa hahitaji unga, anahitaji mtu wa kumsomea karatasi aliyoletewa. Anayesaidiwa ni mtu mzima mwenye akili yake, tusimfanye mtoto.

(vii) Tusiwasahau wenyeji. Shamba tunalolima ni nchi ya Wanyankole, na visima na vituo vya afya tunavitumia pamoja. Wakifiwa twende. Wakisafisha kisima tubebe majembe yetu.

5. NAMNA YA KUANZA

Wengi wanasikia fundisho, wanasema Amina, na Jumatatu wanasahau. Kwa hiyo tunashauri hatua nne nyepesi.

Hatua ya kwanza: kaeni pamoja jioni moja, baba, mama na watoto wote. Someni Nehemia 3:12. Kila mtu aseme, hata mdogo, ni nani karibu na mlango wetu mwenye shida kuliko sisi. Msishangae mtoto akimtaja mtu ambaye ninyi hamkumwona. Watoto wanapita kila njia.

Hatua ya pili: hesabuni mlicho nacho. Si fedha tu. Kuna jembe, kuna panga, kuna sindano ya kushonea, kuna anayejua kusoma Kiingereza, kuna anayejua kunyoa nywele, kuna mwenye sauti ya kuimba kwa mgonjwa. Yule mvulana katika Yohana 6:9 alikuwa na mikate mitano na samaki wawili, na Andrea aliona ni kidogo mno. Yesu hakuona hivyo.

Hatua ya tatu: chagueni kazi moja, mtu mmoja, siku moja ya juma. Msiahidi kijiji kizima. Ni heri saa mbili za kila Jumamosi kwa mwaka mzima kuliko juma moja la moto na kisha kimya. Aliyeahidiwa na kusahauliwa anaumia mara mbili.

Hatua ya nne: mwisho wa mwezi kaeni tena. Kila mmoja aseme amejifunza nini, amechoka wapi, na tuendelee vipi. Kisha ombeni kwa ajili ya yule mnayemtumikia, kwa jina lake.

Kama familia yenu haijui ianzie wapi, mwaka 2025, baada ya vita kufika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, ndugu wengi wapya walivuka mpaka na wengine waliletwa hapa kwetu. Wanapewa kiwanja, turubai na vifaa vichache. Hawajui kisima kiko wapi, wala shule, wala udongo gani unafaa kukandika. Nasi tulifika hivyo hivyo, kila mmoja kwa mwaka wake. Nyumba moja ya zamani ikichukua nyumba moja mpya, ikawaonyesha njia za hapa na kuwasaidia kusimamisha nguzo, ukuta wetu nao utapanda.

HITIMISHO

Turudi kwenye swali: sisi tunaongoja kusaidiwa, tutamsaidia nani? Makanisa ya Makedonia yaliulizwa karibu swali hilo hilo. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 8:1-4 kwamba walikuwa katika umaskini mkubwa na dhiki nyingi, lakini walimsihi awaruhusu kushiriki katika kuwasaidia watakatifu. Walisihi! Waliona kwamba wakinyimwa nafasi ya kutoa, wamenyimwa neema.

Vita vilitunyang'anya mashamba, nyumba na makaburi ya wazazi wetu. Lakini nafasi ya kumpa mwingine hatukunyang'anywa. Anayeweza kuipoteza ni sisi wenyewe, na watoto wetu watajifunza kwetu jinsi ya kuishika au kuiacha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Je, katika kijiji chako, watu wanaelewaje neno "volontea"? Kuna tofauti gani na nyumba ya Stefana?

2. Kwa nini unafikiri Biblia iliwaandika binti za Shalumu? Binti zetu na wavulana wetu wana nafasi gani katika huduma ya kanisa hili?

3. Akila na Prisila walitumia ufundi waliotoka nao Rumi. Wewe na mwenzako mna ufundi gani mliotoka nao nyumbani, ambao bado haujatumika hapa?

4. Kati ya maonyo saba, ni lipi ambalo kikundi chetu kinalihitaji zaidi? Tutafanya nini?

5. (Kwa watoto) Ni nani ungependa tumtembelee Jumamosi hii, na kwa nini?

MSTARI WA KUKUMBUKA: Wagalatia 6:9. Kila familia iujifunze kwa moyo katika Biblia yake, na watoto waulete Jumapili ijayo.

MAOMBI

Baba yetu uliye mbinguni, uliyewaona binti za Shalumu juu ya ukuta, utuone na sisi. Zibariki nyumba zetu za udongo. Wape baba zetu moyo wa kusimama tena, mama zetu nguvu, watoto wetu mikono inayotoa. Mkumbuke leo yule jirani ambaye bado hatujamwona, na utufungue macho tumwone kabla ya jua kuzama. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndugu yenu katika utumishi,
Mchungaji wa kanisa la mahali, Nakivale